Upande wa Kulia wa Kocha Gaskin

Kocha Ezell Gaskin hakupita mlango wowote bila kumpisha mtu kwanza. Ungemkuta kwenye mlango wa bwalo, au wa kanisa, au wa chumba changu cha tiba, ameushika kwa mkono wa kushoto, amejibana pembeni na lile jumba lake la mwili, anasubiri. Halafu ndipo anapita. Mara nyingi hapakuwa na mtu wa kupishwa.

Pale chuoni Pinder tulishazoea. Chuo chetu ni kidogo, kimekaa kusini kabisa mwa Alabama katikati ya mashamba ya karanga na misonobari, na mahali kama pale kila mtu anajua tabia za kila mtu. Bwaloni Kocha alikaa mwisho wa meza ya wachezaji wake, na kiti cha kulia kwake kilibaki wazi hata siku za kambare, bwalo linapojaa mpaka watu wanakula wamesimama. Mwanafunzi mgeni akijaribu kukikalia, vijana walimpigia kelele.

"We! Toka hapo, umemkalia mtu!"

"Mtu gani? Mbona simwoni?"

"Mtu wa Kocha. Inuka kabla hajakuomba chumvi."

Kocha mwenyewe hakucheka wala hakukasirika. Aliendelea kula sukuma wiki yake na mkate wa mahindi, macho kwenye sahani.

Mimi nilianza kazi Pinder mwaka uleule niliohitimu, palepale Pinder. Kazi yangu ilikuwa miili ya wachezaji: kufunga vifundo kwa bandeji, kuweka barafu, kunyoosha misuli, na kumwambia kijana mkubwa kuliko friji kwamba leo hachezi. Niliiomba kazi hiyo kwa sababu niliamini, na bado naamini, kwamba mtu anaweza kuupenda mchezo na kuwapenda wanaoucheza kwa wakati mmoja. Wachezaji waliniita Dada Shanell. Kocha aliniita binti.

Yeye alikuwa amecheza mpira wa kulipwa miaka mingi kwenye mji wa baridi huko kaskazini. Katika mpira wetu ule wa Kimarekani, wa helmeti, watazamaji wanamjua mrushaji, anayerusha mpira, na wanamjua anayekimbia nao. Mbele yao kuna watano ambao kazi yao ni kuzuia, na hao hakuna anayewajua mpaka wakosee. Sisi tunawaita ukuta. Gaskin alikuwa wa ukuta, upande wa kushoto, jirani na yule wa katikati anayeinama na kuutoa mpira nyuma katikati ya miguu yake. Magoti yalipomkataa akarudi kusini, akaanza kufundisha kwenye chuo cha miaka miwili ambako makocha walifua jezi wenyewe, kisha akaja Pinder na hakuondoka tena. Makocha wakuu walikuja wakafukuzwa, wakaja wengine. Yeye alibaki na ukuta wake. "Ukuta hausifiwi," aliwaambia vijana, "ukuta unatajwa siku ukianguka. Kama mnataka kutajwa, nendeni mkapige tarumbeta."

Kila Agosti, wakati wa mazoezi makali, joto likiwa limewalaza vijana kama nguo mbichi, aliwaita watano wake na wa akiba wao kwenye kivuli cha jukwaa na kuwapa hadithi ya Wardell Pruitt. Mwaka ule nilikuwepo, nagawa maji.

"Wardell alikuwa mtu wangu wa kati," alianza. "Hapa mimi, hapa yeye." Akaonyesha kulia kwake. "Theluji inaanguka mpaka huoni mistari. Kabla tu ya mapumziko akagongana na jitu moja, nikasikia mlio kama mlango wa gari. Akainuka. Akaniangalia. Akaniuliza, 'Ezell, leo tunacheza na nani?'"

Vijana wakaanza kucheka.

"Nikamwambia, 'Na wale waliovaa nyeupe, mzee. Wewe inama tu.'"

Wakacheka zaidi. Kendrix Mabry, aliyekuwa mlinzi wetu wa kushoto, nafasi ileile ya Kocha zamani, kijana mkimya mwenye shingo kama gogo, alikuwa ameacha hata kunywa maji.

"Kipindi chote cha pili, nilimwongoza kwa mkono. Nikimgusa nyonga mara moja, azuie aliye mbele yake. Mara mbili na kusukuma kidogo, aende kulia. Hakukosea hata mara moja. Kocha hakujua. Daktari hakujua. Mama yake alikuwa jukwaani na blanketi, naye hakujua. Na tukashinda."

Vijana wakagonga helmeti zao chini kwa furaha. Tavaris Oakley, mtu wetu wa kati, akamrukia Kendrix shingoni. "Umesikia, mwanangu? Siku nikipotea, wewe ndiye ramani yangu!"

"Wewe ulishapotea zamani," Kendrix akamjibu. "Ukienda dukani tu napigiwa simu."

Walikaa chumba kimoja, hao wawili, tangu mwaka wa kwanza. Tavaris alikuwa mpana kama kabati la mahari, na kanisani aliimba sauti nyembamba ya juu ambayo wageni waligeuka kutafuta ni mwanamke gani anayeimba.

"Na sasa hivi Wardell yuko wapi, Kocha?" mmoja akauliza.

"Yupo," Kocha akasema, na akapuliza filimbi.

*

Msimu ule tulishinda kama Pinder haikuwahi kushinda tangu mama yangu asome pale. Ilibaki mechi moja, nyumbani, dhidi ya Lathrop. Atakayeshinda anachukua kombe la ukanda wetu. Wiki moja kabla yake tulicheza ugenini, tukashinda kwa shida. Jumatatu mchana Kocha Gaskin akaniita chumba cha video. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Alikaa mstari wa mbele, na nilipotaka kukaa kulia kwake akaninyooshea kidole, taratibu, kiti cha kushoto.

"Tazama hapa, binti." Akacheza kipande cha kipindi cha pili. Ukuta wetu umeinama. Akarudisha, akacheza tena. "Unaona nini?"

"Namwona Kendrix anamgusa Tavaris nyonga."

"Kwa nini amguse?"

"Kumjulisha kwamba mrushaji yuko tayari. Si ndivyo mnavyofanya makelele yakizidi?"

"Makelele yapi? Ulikuwepo. Bendi yao ilikuwa watoto wachache na ngoma iliyopasuka. Ungeweza kusikia mtu akimenya karanga jukwaani."

Akacheza tena. Mkono wa Kendrix ulitoka, ukagusa mara moja. Mchezo uliofuata, mara mbili, na kusukuma kidogo. Tavaris akaenda kulia. Mchezo uliofuata, mara moja. Tavaris alikuwa anazuia vizuri sana. Lakini kila alipoinuka aligeuza kichwa na kumtazama Kendrix kwanza, kama mtoto anayevuka barabara.

"Hiyo ni yangu," Kocha alisema. "Huo mkono ni wangu." Halafu akageukia kile kiti kitupu cha kulia na kukiangalia kwa muda, kama anayesubiri kusahihishwa.

Nikakumbuka jambo. Jana yake kanisani, kwaya ilikuwa imefika kwenye ubeti wa Tavaris, ubeti anaouimba tangu utotoni. Kinanda kilizunguka mara ya pili kikimsubiri. Tavaris alisimama pale anatabasamu. Mchungaji akasema "Roho anatembea," watu wakaitikia amina, wakaendelea.

Nikampima Tavaris alasiri ileile. Kipimo chetu kiko kwenye kompyuta: unaonyeshwa maneno na maumbo, unaulizwa uliona yapi, unabonyeza haraka uwezavyo. Kila mchezaji hukifanya Agosti akiwa mzima, ili akigongwa tulinganishe.

"Dada Shanell, kichwa changu kiko freshi," Tavaris alisema akimaliza. "Niulize rais wa nchi ni nani."

"Ni nani?"

"Mama yangu. Na hashindwi uchaguzi."

Kendrix, aliyeegemea mlangoni, hakucheka.

Majibu yalikuwa sawasawa na ya Agosti. Yalikuwa sawa kwa sababu ya Agosti yalikuwa mabovu. Wachezaji wa ukuta wana ujanja huo kila mahali: unafeli kwa makusudi ukiwa mzima, ili siku ukiumia uonekane ni yuleyule. Nilijua, na sikuwa na namna ya kuthibitisha. Daktari alikuja, akammulika machoni, akamtembeza kwenye mstari, akatia sahihi kwamba anaweza kucheza.

Kocha Gaskin akaenda kwa kocha mkuu, Rayford, nami nikamfuata kwa sababu nilidhani sauti mbili zina uzito kuliko moja.

"Ezell," Rayford alisema, "daktari kasaini. Kipimo kinasema mzima. Wewe unaniletea mkono?"

"Mkono naujua, Rayford."

"Hata ukiwa unaujua. Kaka yangu, umekaa hapa miaka yote hujashika kombe hata la soda. Jumamosi watu wa timu za kulipwa wanakuja kumwangalia huyu kijana. Nikimweka benchi, anasimama nani pale kati? Yule mtoto wa mwaka wa kwanza anayetapika kabla ya mechi?"

"Huyohuyo."

"Hapana. Kijana mwenyewe aseme anaumwa, au Mabry aseme kwa mdomo wake kwamba alikuwa anamwongoza. Hapo namtoa, na nitasali. Lakini mkono kwenye video, Ezell? Kwa video, na mimi naonekana mwembamba."

Tulipotoka Kocha alishika mlango, akasubiri, kisha akanifuata. Tukatembea mpaka uwanjani.

"Mabry hatasema," alisema. "Mimi nisingesema."

*

Jumatano, kabla ya mazoezi, aliuita ukuta wake kwenye chumba chao cha mikutano. Aliniambia nami nije. Vijana walidhani ni mipango ya Lathrop. Mmoja alikuwa ameshaanza kusinzia.

"Mliniuliza Wardell yuko wapi," Kocha alisema. "Nikawaambia yupo. Sasa nawapa nusu iliyobaki."

Alisimama mbele ya ubao. Hakukaa.

"Tulipoacha kucheza tulipoteana, kama watu wanavyopoteana. Siku moja nikapita mji wao, nikaulizia. Alikuwa anaishi kwa dada yake, Verlene. Ilikuwa Julai na amevaa koti. Akanisalimia vizuri, akaniuliza kama nimekuja kurekebisha bomba. Nikasema hapana, mimi Ezell. Akasema, 'Bomba liko jikoni.' Basi tukaenda jikoni.

"Verlene alikuwa anapika. Wardell akasimama kando ya meza, mimi nikajikuta nimesimama kushoto kwake. Sikupanga. Miguu ilikwenda mahali pake. Halafu mkono." Akautazama mkono wake wa kulia. "Nikamgusa nyonga, mara moja. Kama salamu. Nilidhani atacheka."

Nilikuwa nimeshika mlango kwa mgongo, na nakumbuka sauti ya feni.

"Akainama. Palepale jikoni, na koti lake. Mkono mmoja sakafuni, mgongo umenyooka kama meza, shingo juu. Akasubiri mrushaji ahesabu. Verlene akadondosha mwiko. Akaniambia, 'Ezell, umemfanya nini?' Alimaanisha dakika ile. Mimi nilisikia miaka yote.

"Nikamwambia, 'Wardell, mechi imekwisha.' Hakuinuka. Nikamwambia, 'Wardell, tumeshinda, inuka.' Hakuinuka. Alibaki vilevile, kwa sababu hakuna aliyehesabu na ukuta haunyanyuki bila hesabu. Niliwafundisha nyinyi hivyo hivyo. Ikabidi niiname na mimi kando yake. Nikahesabu mwenyewe. Ndipo akaja juu, akanikumbatia kifuani, akazuia, akazuia, ananisukuma mpaka kwenye jokofu, na analia.

"Alifariki kabla ya Krismasi. Na tangu hapo..." Akanyoosha mkono kulia, kwenye hewa, kama anayepima urefu wa mtu aliyeinama. "Mnacheka kwamba nampisha mlangoni. Sawa, chekeni. Akiwa peke yake hajui atoke vipi."

Aliyekuwa anasinzia alikuwa ameshakaa wima.

"Ile nusu ya kwanza niliwaambia kila mwaka kwa sababu mliipenda. Mimi pia niliipenda. Jumamosi sitaki mkono. Ukimwona mwenzako hajui alipo, piga goti. Mbele ya watu wote, piga goti, na usiinuke mpaka waje. Ndiyo mchezo wa mwisho ninaowafundisha wiki hii."

Tavaris ndiye aliyeanza.

"Kocha, mimi nipo. Niguse uone kama nitainama."

Wawili watatu wakatoa kicheko kidogo, cha shukrani. Kocha hakumgusa. Alikuwa anamtazama Kendrix, na Kendrix alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilimkuta ukumbini baadaye. "Kendrix. Niambie mimi tu. Sentensi moja."

"Dada, nikisema, nimemzika."

"Na usiposema?"

"Yeye ndiye aliyeniomba. Unaelewa? Aliniomba. Mama yake ananiita mwanangu. Wale watu wa timu za kulipwa wanakuja mara moja tu. Halafu wewe unataka niwe mimi." Akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Sijasema kitu," akasema, na akaondoka.

Nilimpelekea Rayford hayo. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama Kendrix alikuwa amesema kitu.

*

Jumamosi ilikuwa ya jua baridi. Tangu asubuhi moshi wa nyama ulikuwa umefunika maegesho, wazee waliohitimu zamani wamevaa masweta ya zambarau ya Pinder, bendi yetu inapiga kama inalipwa kwa kila bati litakalong'oka. Lathrop walivaa nyekundu. Kipindi cha kwanza tulikwenda nao bega kwa bega. Tavaris alizuia kama mlima, na watu wawili waliovaa makoti mazuri jukwaani walikuwa wanaandika. Nilianza kujiambia kwamba labda tuliogopa bure. Nilitaka sana iwe bure.

Kipindi cha pili tulikuwa tunaongoza kidogo, na mpira ni wetu, tulipogongana nao katikati ya uwanja. Rundo la watu lilipofunguka, Tavaris alikuwa wa mwisho kuinuka. Akasimama. Akaanza kutembea kuelekea benchi la Lathrop.

Kendrix akamshika jezi, akamgeuza. Kwa aliye jukwaani, ilionekana kama marafiki wanapongezana.

"Kocha!" nilisema, lakini Gaskin alikuwa ameshaondoka. Alikuwa anakwenda kando ya mstari kwa yale magoti yake, akiwapita wachezaji wa akiba, akipita alama ambayo kocha haruhusiwi kuipita, mpaka akawa sambamba na mpira. Mwamuzi wa pembeni akamfokea: "Rudi nyuma, Kocha! Rudi nyuma!" Hakurudi. Kutoka pale alikuwa anaziona nyonga zao.

Bendi ilikuwa inapiga kwa nguvu zote. Kwa makelele yale, mlinzi kumgusa mtu wa kati ni jambo la kawaida, kila timu inafanya hivyo. Mkono ule ungetoka, na duniani pote hakuna mtu ambaye angeweza kusema ulimaanisha nini, isipokuwa Kendrix Mabry.

Wakainama. Tavaris akaweka mkono juu ya mpira, akageuza kichwa, akamtazama rafiki yake.

Mkono wa Kendrix ukatoka.

Kocha hakupiga kelele. Asingesikika. Alishuka chini. Alikunja goti moja, akakishika kibao cha kuonyesha yadi kilichokuwa pembeni asianguke, akaliweka lile goti kwenye nyasi, jitu zima, nje ya uwanja, mbele ya watu waliokuwa wamesimama. Sijui kama Kendrix alimwona. Wa ukuta hatakiwi kutazama pembeni. Najua mkono ulisimama hewani, karibu kabisa na nyonga ya Tavaris, ukakaa hapo kama mkono wa mtu anayetaka kubisha hodi.

Kisha Kendrix akapiga goti.

Kitambaa cha njano cha mwamuzi kikaruka papo hapo. Ni kosa, wa ukuta akishainama haruhusiwi kutikisika. Jukwaa likazomea. Rayford akawa anapiga kelele, "Inuka! Mabry, inuka!" Kendrix hakuinuka. Alikuwa ameinamisha helmeti, mabega yanatikisika. Mlinzi wa kulia akamwangalia, naye akapiga goti. Halafu wa mwisho wa kushoto. Halafu wa mwisho wa kulia. Tavaris peke yake alibaki ameinama katikati yao, mkono juu ya mpira, akisubiri hesabu.

Nilikimbia. Nilipofika nikamshika uso kwa mikono miwili kupitia vyuma vya helmeti.

"Tavaris. Leo tunacheza na nani?"

Alifikiria. Alikuwa na uso mtulivu sana. "Na wale waliovaa nyeupe," akasema.

*

Mchezaji akitolewa kwa ajili ya kichwa, kitu cha kwanza ni kumnyang'anya helmeti, maana ukimwachia atarudi uwanjani ukigeuka tu. Kwa kawaida naificha mimi, chini ya meza ya barafu. Siku ile Kocha aliichukua mwenyewe. Akaenda kwenye benchi, akakaa, akaiweka mapajani na kuikumbatia. Tavaris akamfuata analia kwa hasira.

"Kocha, nipe helmeti yangu. Kocha. Wale watu wamekuja kuniona mimi. Nipe."

"Kaa, mwanangu."

"Nakuomba."

"Kaa."

Rayford akaja mpaka puani mwake. "Una kazi, Ezell! Una mtoto wa mwaka wa kwanza pale anatapika! Nenda ukamfundishe!"

"Nilishamfundisha," Kocha akasema. "Leo nashika hii."

Tavaris akakaa. Alikaa kulia kwa Kocha, bila kufikiri, pale palipokuwa wazi. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake nikimmulika macho, na niliona Kocha akishtuka kama aliyekanyagwa. Alitazama juu ya bega la kijana, nyuma yake kidogo. Akasogea kushoto, akatengeneza nafasi zaidi.

Nikampigia daktari, nikatuma mtu akamlete mama yake Tavaris jukwaani. Gari la wagonjwa lilikuwa upande wa pili na ilibidi lizunguke. Tukasubiri. Tavaris alianza kuimba kwa pua, wimbo usio na maneno.

"Kocha," akasema, "tunaongoza?"

"Tunaongoza."

Akaimba tena kidogo. "Kocha, tunaongoza?"

"Tunaongoza, mwanangu."

Alimjibu kila mara kama ndiyo mara ya kwanza anaulizwa. Mbele yetu mtoto wa mwaka wa kwanza aliinama juu ya mpira. Alijitahidi, na nataka hilo lijulikane. Karibu na mwisho alitoa mpira mmoja ukapita juu kabisa ya kichwa cha mrushaji, ukadunda kuelekea lango letu, na rundo la jezi nyekundu likaulalia langoni mwetu, wakapata pointi. Jukwaa letu likanyamaza. Bendi ya Lathrop ikaanza.

"Kocha, tunaongoza?"

"Hapana. Wametupita."

"Mimi nilikuwa wapi?"

Kocha aliikumbatia ile helmeti mpaka vidole vikaishiwa damu. "Ulikuwa hapa," akasema. "Ulikuwa hapa na mimi."

Mama yake akaja, bibi mfupi wa sweta la zambarau. Hakuuliza nani ameshinda. Akampapasa mwanawe kichwa kama anayetafuta chawa, kisha akanyoosha shingo. "Kendrix wangu yuko wapi?"

Kendrix alikuwa amesimama peke yake mbali na wenzake, helmeti kichwani bado, ingawa mechi ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyekuwa anazungumza naye. Mama Oakley akamwita kwa jina lake lote, kama mama anavyoita mtoto aliyefanya kosa, akaja. Akamvua ile helmeti mwenyewe, ikabidi ainame. Sikusikia alichomwambia. Tavaris alimwangalia rafiki yake, akaangalia pembeni. Halafu akamwangalia tena, na sijui kama alikuwa anamkumbuka au anamchukia, na Kendrix naye hakujua.

Gari lilikuwa limefika nyuma ya jengo, kwa hiyo tulipita kwenye chumba cha kubadilishia. Kocha Gaskin alitangulia mlangoni. Akaushika kwa mkono wa kushoto, akajibana. Tavaris akapita, amemwegemea mama yake. Kendrix akapita nyuma yao, amebeba helmeti mbili, yake na ile aliyokabidhiwa na Kocha. Ndani nilisikia mmoja wa ukuta akisogeza benchi ili wapate njia.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilipita, nikageuka. Kocha alikuwa bado ameshika mlango, anatazama watu wakimiminika uwanjani.

"Kocha, twende. Gari linasubiri."

"Naja, binti," akasema. "Bado mmoja."

Nikarudi nikasimama upande wake wa kushoto, tukasubiri wote.